Fimbo ya pool haina kesi, vua viatu

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 27, naendesha bodaboda hapa Makorora, Tanga, na jioni nacheza pool. Mwezi wa pili sasa kiganja cha mkono wa kulia kinakauka, kinatoa unga mweupe kwenye mistari na kinawasha. Wa kushoto mzima kabisa. Wa kulia ndio ninaoshikia fimbo, na fimbo zile tunazishika watu wengi kwa siku. Duka la dawa walinipa tyubu, nikapata nafuu siku nne, ikarudi na sasa imepanda hadi kifundo cha mkono. Wenzangu wanabisha, wanasema pool ni mchezo msafi kuliko yote kwa kuwa hakuna jasho wala kugusana. Mwenye meza naye ameanza kufuta kila kitu kwa jiki. Je, ninunue fimbo yangu au niache mchezo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujanunua fimbo, vua viatu.

Sitanii. Kaa penye mwanga, panua vidole vya miguu kimoja kimoja, hasa kile cha mwisho na jirani yake. Ukikuta ngozi nyeupe iliyolowa kama imelala kwenye maji, au unyayo wenye magamba membamba kama umekanyaga unga, basi mwizi tumempata, na hakutoka mezani. Ametoka kwenye raba zako. Watu wa ngozi tunaiita hali hii "miguu miwili, mkono mmoja". Fangasi anakaa kwenye nyayo zote mbili miezi, hata miaka, mwenye miguu hana habari, halafu anahamia mkono mmoja tu. Upi? Ule unaokuna miguu na kubandua magamba usiku ukiwa umekaa kitandani. Mara nyingi ni yule aitwaye Trichophyton rubrum. Dereva wa boda anayevaa raba tangu alfajiri, kwa joto na unyevu huu wetu wa pwani, amemjengea nyumba na kodi anamlipia yeye.

Tulipokuwa tunasoma Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, mwalimu wetu alikuwa mkali: usiandike dawa ya mkono kabla hujaona miguu. Nimekuja kuelewa kwa nini. Kila anayeniletea kiganja cha namna hii amekuja na mshitakiwa wake: fimbo ya pool, usukani wa daladala, noti chakavu. Miguu imefichwa ndani ya soksi na hakuna aliyeiuliza.

Hebu ifikirie kesi hii kimchezaji. Mkono wako wa kulia uko nyuma, umeshika mkia wa fimbo. Wa kushoto umelala juu ya kitambaa, umefanya daraja, na fimbo inateleza kati ya vidole vyake jioni nzima. Kitambaa hicho hicho kimelaliwa na mkono wa kila aliyecheza tangu kiwekwe. Meza ingekuwa inaambukiza, wa kushoto ndio ungetangulia kuugua. Nawe umeandika mwenyewe kwamba ni mzima.

Sisemi fangasi hakai kwenye vitu. Anakaa. Mbegu zake huishi miezi kwenye chanuo, taulo na mashine ya kunyolea, ndiyo maana mapunye hayaishi katika nyumba yenye chanuo moja. Lakini ili aingie mwilini anapenda ngozi iliyolowa au iliyochubuka, na apewe muda. Mti mkavu uliopigwa vanishi, unaoshikwa dakika kumi kisha ukaegeshwa ukutani, si makazi ya kumvutia.

Kwa hiyo wenzako wana nusu ya haki. Kwa upande wa ngozi, pool ni mchezo mpole. Kwenye mieleka na judo watu wanasuguana shingo kwa shingo, na choa hupita hapo hapo. Marekani mwaka 2003, wachezaji 5 kati ya 58 wa St. Louis Rams, timu ya futiboli ya Kimarekani, walipata majipu ya bakteria aina ya stafilokoka asiyesikia dawa za kawaida. Yalianzia pale ngozi ilipochubuliwa na nyasi bandia, na wachezaji walikuwa wakichangia taulo. Hao wana madaktari wao. Chandimu zetu je, ambako raba moja inavaliwa na watatu na jezi ya mazoezi inavuliwa mwilini mwa huyu ikiwa imelowa, inavishwa yule?

Ila hiyo hoja ya "hakuna jasho" inanikera, kwa sababu uchafu wa pool hauko kwenye ngozi, uko mdomoni. Siku moja nilijibanza kwenye kibanda kimoja Ngamiani nikisubiri mvua ipite. Kijana alipiga, akachukua mshikaki, akalamba pilipili kidoleni, akapaka chaki, akaenda choo cha nyuma, akarudi mikono mikavu, akaokota mpira mweupe, akachukua mshikaki mwingine. Nani ameshaona beki anakula mishikaki dakika ya 30? Baadaye mwenye meza akafungua tumbo la meza kutoa sarafu. Mle kwenye njia inamopita mipira mlikuwa na vumbi la chaki, majivu ya sigara, maganda ya karanga na mende wawili, mmoja hai. Kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa takribani theluthi, na mwaka 2020, wakati wa korona, kila kibanda kilikuwa na ndoo yenye koki mlangoni. Ile ya pale nimeiona, imejaa barafu na soda.

Mwenye meza mwambie aache jiki. Kitambaa kizuri cha meza kina sufu iliyochanganywa na nailoni, na jiki inakula sufu. Mabaki yake kwenye fimbo yanakausha viganja vyenu hadi vipasuke, na ngozi iliyopasuka ndiyo mlango wenyewe. Mipira aioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, aikaushe. Fimbo apitishe kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Meza apige brashi. Lile tumbo alifagie kila anapotoa sarafu. Na akitokea mtu anauza "dawa ya meza" kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, amfukuze. Kuna wanaochanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi wakidhani ukali umeongezeka. Kinachotoka pale ni gesi ya klorini, nayo inachoma mapafu.

Sasa tyubu. Hukutaja jina, lakini kwa hizo siku nne za nafuu nahisi naijua: tatu kwa moja. Ndani mna dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi inailaza kinga ya ngozi. Wekundu unaondoka, muwasho unatulia, unawaambia wenzako dawa kiboko. Chini yake fangasi anatanuka kwa raha zake, walinzi wamelala. Ukiacha anarudi mpana zaidi, tena amepoteza ile pete yake inayomtambulisha, hata tabibu anayekuona baadaye anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine. India tyubu za namna hii zinatajwa miongoni mwa sababu za choa sugu iliyoenea nchini humo, isiyosikia hata dawa ya fangasi iitwayo terbinafini. Hapa kwetu naona wanaozipaka mapajani mpaka ngozi inafanya michirizi isiyofutika, na wanaowapaka watoto usoni. Muuzaji ukimrudia ana jibu moja: ongeza ya pili. Hajakugusa, hajakuuliza una miguu.

Na ikishindikana, wengine wanajipaka jiki, maji ya betri, kitunguu saumu kilichopondwa. Hawa nawapokea wameungua, na kabla ya kutibu fangasi inabidi nitibu kidonda.

Kipimo hakihitaji mashine kubwa. Tunakwangua magamba kidogo, tunaweka tone la kemikali iitwayo potasiamu haidroksaidi, tunatazama kwa darubini. Fangasi akiwepo, nyuzi zake mara nyingi zinaonekana. Asipoonekana, huenda ni aleji au ukurutu, na hapo dawa ya fangasi ni kutupa hela. Akiwepo, tunatibu mkono na miguu yote miwili kwa pamoja, la sivyo mwezi ujao utaniandikia tena.

Pool cheza. Fimbo usinunue, nunua soksi za pamba jozi tatu na uzianike juani pamoja na raba. Hiyo tyubu acha leo. Siku za mwanzo muwasho utapanda, usirudi dukani. Njoo kliniki ya ngozi umevaa ndala, na hiyo tyubu uje nayo hata kama imekwisha.