Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Fredericksburg

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu, mwalimu wa historia huko Morogoro, atanitembelea hapa Maryland mwezi wa Oktoba, na anatamani kuona mahali palipopiganwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Tumeshauriwa twende Fredericksburg, Virginia. Sina gari. Je, siku moja inatosha? Na tutaona lolote kuhusu watu weusi waliokuwa watumwa, au ni habari za majenerali tu?

JIBU: Ndugu msomaji, siku moja inatosha mkikubali kuacha mengine. Mji huo mdogo uko katikati ya Washington na Richmond, uliokuwa mji mkuu wa majimbo yaliyojitenga ya Kusini, na ndiyo maana uligombewa sana: mapigano makubwa manne yalipiganwa hapo na katika maeneo ya jirani, kati ya Desemba 1862 na Mei 1864. Viwanja vyote vinatunzwa na serikali kuu, tena bila kiingilio, lakini Chancellorsville, Wilderness na Spotsylvania viko mbali na mji, hivyo msivihangaikie bila gari.

Treni ya kutoka Washington itawashusha mjini kwenyewe. Anzieni mto Rappahannock, ulio karibu na stesheni. Ng'ambo yake ndiko Jenerali Burnside wa Kaskazini alikongojea madaraja ya kuelea yaliyochelewa kufika, na ucheleweshaji huo ukampa Jenerali Lee nafasi ya kujiimarisha kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji. Kutoka hapo tembeeni hadi Sunken Road, barabara iliyochimbika chini ya kilima, yenye ukuta wa mawe ubavuni. Tarehe 13 Desemba 1862 askari wa Kaskazini walipelekwa kuushambulia ukuta huo, kikosi baada ya kikosi, katika uwanja usio na pa kujificha, wala hakuna kikosi kilichoufikia. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 12,000. Pandeni kilimani mkaone makaburi ya askari zaidi ya 15,000, ambao wengi wao hawakutambuliwa majina, na mawe yao madogo yana namba tu.

Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa utumwa ndio uliozaa vita vyenyewe. Mto huohuo ulivukwa Aprili 1862 na John Washington, mtumwa wa mjini humo, mara jeshi la Kaskazini lilipofika ng'ambo, na baadaye aliandika kwa mkono wake habari za maisha yake. Maelfu ya wengine walivuka vivyo hivyo mwaka ule, kabla ya mapigano ya Desemba. Pia lipo jiwe ambalo watumwa walinadiwa kando yake. Lilikuwa kwenye kona ya barabara za William na Charles hadi 2020, likahamishiwa makumbusho ya mji. Hakikisheni mapema siku na saa za kufunguliwa kwake, na muda ukiwabana, afadhali mpunguze matembezi ya madukani kuliko kuondoka bila kuliona.