Toleo Lipi la Ubuntu Uweke Kwenye Kompyuta Kuukuu

Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama, wateja wa steshenari ninayofanyia kazi hapa Mwanga, Kigoma, wamekuwa wakileta kompyuta mpakato ambazo Windows 11 inazikataa, ama kwa sababu prosesa zake ni za zamani, ama kwa sababu hazina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai. Ombi lao ni moja: "Fundi, niwekee hiyo Linux," yaani mfumo endeshi wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, ambao una aina nyingi. Nikiuliza ipi, wengi hujibu "Ubuntu", jina la Kizulu lenye shina moja na utu wetu, na nikiuliza toleo gani, hujibu lile jipya kabisa. Jibu hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu na mimi nililiamini, na likanigharimu.

Namba ya toleo la Ubuntu ni tarehe. Toleo 24.04 lilitoka Aprili 2024, na 23.10 lilitoka Oktoba 2023. Matoleo hutoka kila baada ya miezi sita, lakini hayalingani umri: lile la Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili hupewa masasisho kwa miaka 5, ndilo huitwa toleo la muda mrefu, ilhali mengine yote hupewa miezi 9 tu.

Desemba 2023 niliweka 23.10 kwenye kompyuta sita za mwalimu mmoja wa Ujiji, ambaye alikuwa amefungua darasa dogo nyumbani kwake. Toleo hilo lilifikia mwisho wake Julai 2024. Mwalimu hakulijua hilo, nami sikuwa nimemwambia, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kusoma tarehe hizo mwenyewe. Siku alipotaka kuongeza programu ya kufundishia kuchapa, skrini ilimjibu 404, yaani faili halipo. Na kweli halikuwapo, kwa sababu mafaili ya toleo lililokwisha muda huondolewa kwenye seva za kawaida na kupelekwa kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani. Kuipandisha kila kompyuta kwa njia ya mtandao kungehitaji kupakua data nyingi mara sita, kwa bando la simu. Nilihamisha kazi za wanafunzi kwenye diski ya nje, nikasakinisha 24.04 upya kwa flashi moja, na sikumtoza hata shilingi.

Baada ya umri wa toleo, angalia RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi. Ubuntu 24.04 yenye mwonekano wake wa kawaida inashauriwa iwe na angalau GB 4 za RAM na nafasi ya GB 25 kwenye diski, lakini kwa uzoefu wangu GB 4 hutosha mpaka pale mtumiaji atakapofungua kivinjari chenye kurasa kumi. Kwa mashine ya namna hiyo mimi huweka Linux Mint 22 yenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi 2029. Xubuntu na Lubuntu, ambazo ni Ubuntu zenye mwonekano mwingine, nazo ni nyepesi, ila matoleo yake ya muda mrefu hupewa miaka 3 badala ya 5. Kama prosesa ni ya biti 32, sahau Ubuntu, kwani iliacha kutoa faili la kusakinishia kompyuta za aina hiyo tangu 17.10, hata Debian, Linux ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, imeacha kuanzia toleo la 13, kwa hiyo kinachobaki katika ukoo huu ni Debian 12.

Lipo pia suala la bando, ambalo miongozo mingi ya nje hailigusi. Kuanzia 21.10, kivinjari cha Firefox kwenye Ubuntu huja kama kifurushi cha snap, aina ya kifurushi cha programu kinachojisasisha chenyewe. Vifurushi hivyo hukagua masasisho mara nne kwa siku na kujipakulia vyenyewe, na kwenye kompyuta yenye diski ya kuzunguka Firefox huchelewa kufunguka mara ya kwanza. Amri ya sudo snap refresh --hold husimamisha upakuaji huo wa kujiendesha, kisha unasasisha mwenyewe siku ukiwa na intaneti ya kutosha. Mint haina snap, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuipendelea.

Kabla ya kufuta chochote, washa kompyuta kwa flashi na uitumie bila kusakinisha. Jaribu sauti, kamera, printa na hasa waifai, maana baadhi ya kadi za zamani huhitaji draiva ya ziada. Waifai ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB na ushiriki intaneti yake. Njia hiyo haijaniangusha hata mara moja.

Kupandisha toleo kwa mtandao sikupendi kwa kompyuta ambayo betri yake imekufa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, vifurushi hubaki nusunusu. Amri ya sudo dpkg --configure -a, inayomalizia vifurushi vilivyokwama, huokoa mara nyingi, lakini si kila mara, na mteja anayesubiri kwenye benchi haelewi neno "mara nyingi".

Toleo jipya la muda mrefu linapotoka Aprili, mimi husubiri lile lenye .1 mwishoni mwa namba, ambalo kwa kawaida hutoka mnamo Agosti likiwa limekusanya marekebisho ya kwanza. Ubuntu yenyewe haimshawishi mtumiaji wa toleo la muda mrefu lililotangulia kupanda kabla ya hapo. Zile kompyuta sita za Ujiji ziko kwenye 24.04 mpaka leo, na safari hii nimembandikia mwalimu karatasi nyuma ya kila skrini: "Mwisho 2029."