Jibu kwa dada wa Hindi: kikundi cha miezi minne na ruzuku za usawa

Asalaam aleikum wanajukwaa. Dada wa Hindi, kule Lamu bara, ameuliza kikundi chao kina miezi minne tu na tangazo la ruzuku ya usawa (pesa za kusaidia, sio mkopo) linataka "uzoefu wa miaka miwili na hesabu zilizokaguliwa", sasa waombe au wangoje. Wengi hapo juu mmemwambia angoje. Mimi nasema usingoje dadangu, ila pia usijaze ile fomu usiku wa kuamkia siku ya mwisho kama tulivyofanya sisi.

Sisi tuko kisiwani Pate, upande wa Faza, kikundi cha wazazi wenye watoto walemavu. Tulianza kina mama sita barazani kwangu, maanake vile viti vya magurudumu watoto walivyoletewa vilikuwa na magurudumu membamba, na mchanga wa huku si mnaujua, hujafika msikitini kiti kishazama na mtoto wa miaka kumi na mmoja anarudi mgongoni kwa mamake. Tulichotaka kilikuwa kidogo tu, matairi mapana na nauli ya boti ya kwenda kliniki Amu, yaani Lamu mjini. Daftari tulikuwa nalo, kila Ijumaa shilingi hamsini, aliyetoa na asiyetoa wote wameandikwa.

Tukaomba mfuko mmoja (sitautaja), tukanyimwa, barua yenyewe mstari mmoja. Tukaomba tena, tukanyimwa kwa sababu kwenye fomu tuliandika PIN (namba ya mlipa ushuru) ya mwenyekiti badala ya PIN ya kikundi. Wallahi hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kikundi nacho kinakuwa na PIN yake ya KRA, wale watu wa ushuru.

Kwa hivyo anza na karatasi leo, kabla hujafikiria hata propozo, yaani andiko la kuombea pesa. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, kwa hivyo sisi sita ilibidi tutafute wengine wanne, na unasajili kwa afisa wa maendeleo ya jamii ukiwa na katiba na minitsi (kumbukumbu) za kikao kilichochagua viongozi. Ukipata cheti ndio uende PIN halafu benki. Benki watataka minitsi nyingine zinazotaja waweka sahihi kwa majina, na hapo ndipo wengi wanarudishwa na nauli ya boti imeshakwenda. Msimu wa kusi usipange safari ya siku moja, panga mbili.

Ile miaka miwili sasa. Tulichofanya mara ya tatu ni kuombea chini ya kikundi kikongwe, kikundi cha kina mama wa mikeka ambao wana hesabu zao safi. Wao ndio waombaji kwa jina, sisi tunafanya kazi. Ilikubaliwa, lakini nikwambie ukweli tulikosana vibaya, maana pesa zilipoingia kwao kila mtu ghafla akawa na "gharama za ofisi" na ofisi yenyewe ni chini ya mwembe. Andikianeni mapema: wanabaki na asilimia ngapi, pesa zinahama baada ya siku ngapi, matairi ni mali ya nani. Sisi tuliandika baada ya kugombana, ikachukua wazee watatu.

Baada ya hapo nikaitwa kwenye kamati ya kuchuja ya mfuko mwingine, nikawakilisha walemavu, na hapo ndio niliona mambo. Propozo tamu za Kiingereza zilikuwa za kuandikiwa, moja imetaja wafugaji ukurasa mzima na kikundi ni cha wavuvi! Na kikundi cha vijana kilichokuwa kinafanya kazi kweli kilikuwa na ukurasa mmoja wa mkono, kikatupwa chini ya rundo. Tulibishana siku mbili, mwishowe ikakubalika kwamba maombi madogo yasidaiwe ukaguzi wa hesabu, daftari na barua ya mzee wa mtaa vinatosha, na mtu akitaka aje ajieleze kwa mdomo, kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi kwenye katiba ya Kenya, kifungu cha 7, sio hisani ya mtu.

Lililonishinda ni ile "nunua kwanza, lete risiti, utarudishiwa". Kikundi kipya kinunue na nini? Na boti ya kukodi ina risiti ya mashine? Tulipata nusu mbele nusu nyuma, na karatasi yenye sahihi na namba ya kitambulisho cha nahodha ikakubaliwa kama risiti. Uliza hilo kabla ya kuomba, sio baada.

Na ukiambiwa "masharti ndiyo hayo", omba uyaone. Mfuko wa kaunti unaanzishwa kwa idhini ya bunge la kaunti na una kanuni zake zilizoandikwa, hauko kichwani mwa afisa. Andika barua ya kuomba nakala chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu. Ukikuta sharti la miaka miwili halimo kwenye kanuni, basi mtu amelitunga mezani, na barua yako ndiyo ushahidi. Ukilikuta limo, hilo ni la kupeleka kwenye vikao vya wadi vya kukusanya maoni. Mpango wa mwaka wa kaunti unapaswa kufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, ukija Juni na malalamiko utasikilizwa kwa adabu tu.

Uwezo Fund, ule mfuko wa serikali kuu, usiichanganye na hii ruzuku, ule ni mkopo japo hauna riba, na unataka kikundi kiwe na miezi sita. Mna miezi minne, hesabuni wenyewe.

Katiba ya kikundi chetu nitaipiga picha niiweke hapa, lakini daftari lote liko kwa mweka hazina na yeye yuko harusini Kizingitini mpaka Jumatatu.