Kabla Hujanunua Simu Isiyo na Tundu la Iafoni

Jumapili ile kwaya ilikuwa imeshajipanga pembeni ya madhabahu na sare mpya, mimi nimekaa nyuma ya miksa kama kawaida. Kazi yangu pale usharikani ni vyombo: nawasha spika, napandisha na kushusha sauti za maikrofoni, na kwa kuwa mpiga kinanda wetu anasoma Dodoma na huja likizo tu, biti za nyimbo nazipiga kutoka kwenye simu. Mwalimu wa kwaya akanipa ishara. Nikashika waya wa oksi, ule unaotoa sauti kwenye simu kuipeleka kwenye miksa, nikaupeleka chini ya simu kwa mazoea, bila hata kutazama. Pini ikagonga chuma. Nikaigeuza simu nikajaribu upande wa juu. Chuma tena. Simu ilikuwa na siku nne mkononi mwangu, na siku zote hizo sikuwa nimegundua kwamba haina tundu la iafoni, zile spika ndogo za masikioni.

Waliimba bila biti. Walianzia juu mno, na kufika ubeti wa tatu akina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wanaimba na mishipa ya shingo. Baada ya ibada mwenyekiti wa kwaya, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, aliichukua ile simu akaizungusha pande zote nne.

"Mwanangu, hii umenunua shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Na tundu lake wanauza kando?"

Tangu siku hiyo nimepoteza hela na muda kutafuta namna ya kuishi na simu hii hapa Mbeya, kwa hiyo wewe unayetaka kubadilisha simu mwaka huu nisikilize kidogo. Ushauri wa kwanza ndio mkubwa, na ukiushika huo mwingine wote unaweza kuuacha: kaa chini uhesabu kila kitu ulichowahi kuchomeka kwenye lile tundu. Mimi nilijua natumia iafoni tu. Nilipohesabu kwa makini nikakuta kuna miksa ya kanisa, redio ya shambani, spika ya kwenye duka letu la steshenari, na gari la shemeji yangu ambalo redio yake ni ya zamani na haijui habari za Bluetooth. Iafoni zenyewe zilikuwa namba tano.

Tundu lenyewe ni la kizee. Babu yake ni ile pini nene ya milimita 6.35 waliyokuwa wakichomeka wahudumu wa simu kwenye mbao za kuunganishia simu za watu karne ya 19, na miksa nyingi bado zina matundu ya ukubwa huo. La milimita 3.5 lilienea na redio ndogo za transista, kisha likapata umaarufu na Walkman ya Sony mwaka 1979, ambayo ilikuwa na matundu mawili ili wawili wasikilize kaseti moja. Simu chache za Kichina zilikuwa zimeshaliacha, lakini kelele zilianza Septemba 2016 Apple walipotoa iPhone 7 bila tundu, na mkubwa wao wa masoko, Phil Schiller, akasema jukwaani kwamba sababu yake ni ujasiri. Watu walicheka sana. Google ambao simu yao ya mwaka huo ilibaki na tundu waliliondoa mwaka uliofuata. Samsung waliowacheka Apple kwenye matangazo waliliondoa kwenye Note 10 mwaka 2019. Sony nao waliliondoa, kisha wakarudi nyuma, wakalirudisha kwenye simu zao kubwa mwaka 2020.

Utaambiwa ni kwa ajili ya nafasi ya betri na kuzuia maji. Nafasi, sawa, nakubali. Habari ya maji hainiingii, maana Galaxy S7 ya Samsung ya mwaka 2016 ilikuwa na tundu na bado ilistahimili kuzamishwa majini. Apple walitangaza iafoni zao zisizo na waya jukwaa lile lile, siku ile ile. Mwenye akili na aelewe.

Sasa redio. Hapa ndipo wengi wetu wa huku juu tunaumia bila kujua. Jumamosi nakuwa Isyonje kwenye viazi, na kwa miaka mingi redio ya simu ndiyo iliyokuwa mwenzangu kule. Kipokezi cha FM kinataka antena, na ndani ya simu nyingi hakuna nafasi ya antena nzuri, kwa sababu mawimbi ya FM yana urefu wa kama mita tatu. Waya wa iafoni ndio unaofanya kazi hiyo. Ndiyo maana simu hukataa kufungua redio mpaka uchomeke iafoni, hata kama unataka kusikiliza kwa spika. Waya ukiondoka, antena imeondoka, na simu nyingi zilizopoteza tundu zimepoteza na redio yenyewe. Yangu ni mojawapo.

Watakwambia usikilize redio kwa intaneti. Nilijaribu siku ya mechi ya Simba na Yanga. Kwanza bando liliyeyuka, na kule bondeni mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa malaria. Hilo la pili sikulitegemea: redio ya intaneti huchelewa. Mzee wa shamba la jirani ana redio ya betri. Nikamsikia anapiga yowe, anarusha kofia juu, na kwangu mtangazaji bado yuko katikati ya uwanja na mpira. Nikajua goli limefungwa, ila sikujua la nani, maana yule mzee hushangilia soka yenyewe kuliko timu. Dawa yake ikawa kitochi. Zipo simu za batani ambazo redio yake ina antena ya ndani na haihitaji waya kabisa, chaji inakaa siku kadhaa, na ikidondoka kwenye tuta unaipangusa udongo unaendelea. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe redio bila kuchomeka kitu uisikie mwenyewe. Haikamati vizuri kama yenye waya, na ukiinama nyuma ya kilima inakwaruza, lakini goli nalisikia pamoja na wenzangu.

Nije kwenye adapta, ule mkia mfupi wenye pini ya USB-C, inayoingia kwenye tundu la chaji, upande mmoja na tundu la iafoni upande mwingine. Hapa ndipo nilipoliwa hela. Ya kwanza niliinunua Mwanjelwa kwa shilingi 3,000, nikaichomeka pale pale mezani kwa muuzaji kwenye simu yake, ikaimba. Nyumbani kwenye simu yangu, kimya. Muziki ukaendelea kutoka kwenye spika ya simu kana kwamba sijachomeka kitu. Nikanunua ya pili, ya rangi nyingine. Kimya. Fundi simu mmoja pale Kabwe ndiye aliyenifungua macho, na maelezo yake nayarudia hapa kwa sababu yatakuokoa.

Muziki ndani ya simu ni tarakimu. Sikio haliwezi kusikia tarakimu. Spika nayo inataka umeme unaopanda na kushuka mpaka utikise kitambaa chake. Katikati lazima kuwe na chipu ya kubadilisha. Zamani sauti ilifika kwenye tundu ikiwa imeshabadilishwa na chipu ya simu. Baadhi ya simu zisizo na tundu bado zinaitoa sauti hivyo kupitia USB-C, na hizo zinatosheka na adapta ya bei ndogo ambayo ndani yake ni waya mtupu. Nyingine, zikiwemo Samsung za daraja la juu, hutoa tarakimu tu, kwa hiyo adapta yenyewe lazima iwe na chipu yake ndani. Kwa macho huwezi kuzitofautisha; zote ni mkia mweusi au mweupe. Muuzaji alinijaribishia kwenye simu yake, si kwenye yangu, na hapo ndipo tulipoachana na ukweli.

Kwa hiyo jaribu kwenye simu yako mwenyewe, na ujaribu na maikrofoni: piga simu kidogo umsikilize mwenzako kama anakusikia. Ya chipu nilinunua 20,000, na sijajuta. Ikikataa, usiirudishe dukani kabla hujaangalia kwenye mipangilio kama kuna kitu kinaitwa OTG, yaani ruhusa ya simu kutumia vifaa vya kuchomeka, maana baadhi ya simu zinataka ukiwashe kwanza, na nyingine hukizima zenyewe ukikaa dakika chache bila kukitumia. Wenye iPhone za kabla ya iPhone 15 ya mwaka 2023 wana Lightning, tundu la chaji la Apple wenyewe, wao adapta yao ni nyingine.

Tatizo jingine ni kwamba sasa tundu moja limebeba mizigo yote. Chaji humo, muziki humo. Kwenye basi kutoka stendi ya Nane Nane kwenda Dar, ukitoka asubuhi na iafoni masikioni, Makambako simu inaanza kulia njaa na huna pa kuilisha. Zipo adapta zenye matundu mawili, moja la chaji na moja la iafoni. Kwenye basi zinafaa sana. Kwenye miksa ni balaa: nilichomeka chaja ya ukutani na waya wa miksa kwa pamoja, spika za kanisa zikatoa mvumo kama mzinga wa nyuki, mchungaji yuko katikati ya sala. Umeme wa chaja na umeme wa miksa ulikuwa unakutana kupitia simu yangu. Nikachomoa chaja, mvumo ukakata. Ikibidi kuchaji wakati wa ibada, tumia pawabenki. Na kwa vile tundu hilo ndilo maisha ya simu, liangalie: vumbi la kiangazi na nyuzi za mfuko wa koti hujaa ndani mpaka pini inalegea. Zima simu, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie sindano.

Na zile zisizo na waya? Ninazo, sizichukii. Kuosha vyombo, kutembea, kusikiliza mahubiri wakati unapanga mafaili, hazina mfano. Ila sauti ya Bluetooth hufika ikiwa imechelewa kidogo. Ukitazama video hutagundua, kwa kuwa programu huchelewesha picha ili vilingane. Ukipiga kinanda cha kwenye simu utagundua mara moja: unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye, mkono unachanganyikiwa. Mwalimu wetu alijaribu kuwafundisha vijana hivyo akaziweka mezani kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kibovu. Pia ukitumia maikrofoni yake kupiga simu, mara nyingi ubora wa sauti unashuka hapo hapo, kila mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Baridi nayo ina lake. Betri za lithiamu hutoa chaji kidogo zikiwa za baridi, na hizi za masikioni zina betri ndogo kuliko punje ya haragwe. Mwezi wa sita nilipanda Makete kwenye msiba, tukapita Kitulo asubuhi nyasi zimeganda nyeupe. Kikasha kilikuwa kwenye begi juu ya keria. Niliponyanyua kifuniko kilionyesha chaji ndogo kuliko niliyoiacha usiku. Nikakiweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua, baada ya muda kikarudiwa na fahamu. Tangu hapo, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, kikasha changu hulala chini ya blanketi. Mke wangu anasema kinapendwa kuliko yeye.

Bodaboda mnaoziba masikio yote mawili ndani ya helmeti, mniwie radhi, lakini mteremko wa Iwambi tunaujua wote. Acheni sikio moja lisikie honi za malori. Na kwenye basi, badala ya kupandisha sauti kushindana na injini, vaeni zile zenye mpira unaoziba; Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndio mpaka wa mtu mzima.

Kama bado hujanunua na bajeti yako ni ya kawaida, huna haja ya kupitia yote haya. Simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na Itel bado zina tundu, na Samsung wamelibakisha kwenye baadhi ya zile za bei ndogo. Usiamini picha ya kwenye boksi. Ishike simu, iangalie juu na chini. Ukiwa umeshanunua kama mimi, basi usiitupe ya zamani. Yangu ina kioo kilichopasuka kona na betri inayokufa ndani ya saa mbili. Nimeitoa laini, nikafuta kila kitu, nikahamishia humo biti zote za kwaya. Sasa inaishi kwenye droo ya miksa, na mwenyekiti ndiye anayeichaji kila Jumamosi jioni. Amebandika plasta nyuma yake akaandika kwa kalamu nyekundu YA KWAYA.

Adapta ya chipu ninayotumia sasa nayo ni ya pili, nimeifunga kwa rababendi kwenye waya wa miksa. Ya kwanza iliondoka na mtu wa kwaya ya vijana. Nimeshamjua, nasubiri airudishe mwenyewe.