Nyumba mpya nayo ikaguliwe

Ndugu, unauliza kuna haja gani ya kumlipa mkaguzi wakati nyumba ni mpya, rangi bado inanukia. Hiyo rangi ndiyo inayonitia wasiwasi. Nyumba ya zamani imeshapigwa na masika kadhaa, kasoro zake zinaonekana. Yako haijanyeshewa hata siku moja.

Mimi nilihamia kiangazi. Masika yalipoingia, dari ya jipsamu ikaota madoa kama ramani. Kumbe fundi alipigilia misumari kwenye mabonde ya bati badala ya migongoni, maji yakapata njia.

Tafuta mhandisi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Apande darini, apime ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, amwage ndoo ya maji bafuni aone kama yanakimbilia tundu. Ila iwe kabla hujamaliza malipo.