Biskuti za ngano isiyokobolewa: ugumu hautibiwi kwa soda

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Naoka biskuti kwa vikombe viwili vya unga wa ngano isiyokobolewa, siagi gramu 60, sukari nusu kikombe na maziwa vijiko vitatu vya chakula. Zinatoka ngumu kama kigae. Mpishi mmoja wa video alishauri kuongeza beking soda vijiko viwili vya chai na kukanda donge dakika kumi. Nimefanya hivyo, bado ni ngumu, na sasa zina ladha ya sabuni. Nakosea wapi?

Jibu: Umepotoshwa, dada. Swali hili hunifikia kila mara, na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa aongeze kitu cha kuumua. Biskuti si mkate. Zako ni ngumu kwa sababu zina kiu, na soda haileti maji.

Unga huu umesagwa pamoja na pumba na kiini cha ngano. Pumba hunywa maji mengi, tena hunywa polepole. Ukimaliza tu kuchanganya, donge hunata vidoleni, unadhani maji yamezidi, unaongeza unga. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Lifunike, uliache dakika 30. Kisha kata kipande, kiviringe kama gololi, kibonyeze kwa kidole gumba. Kingo zikipasuka, ongeza maziwa kijiko kimoja na ujaribu tena. Zikibaki nzima, sukuma ukate. Kwa vikombe vyako viwili, siagi ifike gramu 100 na maziwa yaanzie vijiko vinne.

Hizo dakika kumi za kukanda zinanikera kuliko yote. Unga wa ngano ukilowa na kukandwa hufanya utando unaovutika, na utando huo ndio unaoshikilia hewa ndani ya mkate. Kwenye biskuti unakupa kitu cha kuvunja meno. Sugua siagi kwenye unga mkavu kwa ncha za vidole mpaka ufanane na mchanga mbichi, mimina maziwa, kusanya donge, basi. Likishashikana, mikono itoke.

Na usisubiri rangi. Donge hili ni la kahawia tangu bakulini, kwa hiyo anayengoja zigeuke rangi huzikausha. Zikiwa na unene wa nusu sentimita, nyuzi 175 kwa dakika 12 hadi 15 zinatosha. Zitoe kingo zikiwa zimekaza na katikati pakibonyea kidogo. Zitakaza zaidi zikipoa.

Sasa hiyo sabuni. Beking soda hufanya kazi yake ikikutana na kitu chenye uchachu, kama mtindi. Wewe hukuweka chochote kichachu. Joto la oveni hugeuza soda iliyobaki kuwa chumvi nyingine kali, na hiyo ndiyo unayoionja. Beking pauda tayari ina tindikali yake ndani. Kijiko kimoja cha chai kwa kipimo chako kinatosha kabisa.

Ninalolikasirikia hasa ni hili. Wengi huoka biskuti za ngano isiyokobolewa kwa ajili ya afya, mara nyingi kwa sababu kuna mtu nyumbani ameambiwa apunguze chumvi. Halafu anakuja mtu na video ya dakika mbili, anawamiminisha soda kana kwamba ni unga tu. Kijiko kimoja cha chai cha beking soda kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 kwa siku nzima. Vijiko viwili vimetia zaidi ya 2,500 kwenye donge lako. Ukipata biskuti 30 na mzee akala kumi na chai yake, ameshapata zaidi ya 800 kabla hajagusa mboga yenye chumvi. Na haonji chumvi, anaonja sukari, kwa hiyo hajui. Rangi ya kahawia haifuti hesabu hiyo. Wanaogawa vipimo hivi hawaulizi nani atakula, wala hawaulizi umeweka nini kichachu.

Kama nyumbani kwako yupo mwenye presha, zile ulizooka kwa vijiko viwili usimpe.