Kababu za Nyama ya Kusaga: Amua Utazipikaje Kabla Hujaviringa

Mtu akiniomba ushauri wa kababu za nyumbani, humuuliza kwanza atazipikia wapi: kikaangoni, kwenye oveni, ndani ya mchuzi au juu ya makaa? Wengi hawalitarajii swali hilo, kwa sababu wamezoea kuchanganya nyama na viungo, kuviringa, kisha ndipo wafikirie moto. Mimi huanza na moto. Kababu itakayoiva taratibu ndani ya rojo inataka mchanganyiko laini wenye mkate wa kutosha. Mchanganyiko huo huo ukiuweka kwenye kijiti juu ya makaa, utadondoka vipande vipande. Na nyama iliyokandwa ikakaza kwa ajili ya makaa, ukiitumbukiza kwenye mchuzi itakuwa ngumu na ya kudunda mdomoni. Nimepika kababu miaka mingi, za wageni na za watoto wa nyumbani, na karibu kila malalamiko ninayosikia kuhusu kababu kavu, ngumu au zinazovunjika yanaanzia hapo: mchanganyiko na moto havikukubaliana.

Tuanze na nyama. Nyama ya kusaga inayofaa kwa kababu ina mafuta kati ya asilimia 15 na 20. Najua wengi tunayakwepa mafuta, lakini kababu iliyotengenezwa kwa nyama kavu tupu haiokolewi na kiungo chochote. Nyama ikipata joto hujikunja na kukamua maji yake. Mafuta yanayoyeyuka ndiyo yanayoifanya itafunike kwa raha. Kama uliyonayo ni steki tupu au kidari cha kuku, bado unaweza kupika kababu nzuri. Ongeza mkate uliolowekwa na kijiko cha mafuta ya kupikia, halafu uzipike ndani ya mchuzi badala ya oveni. Na kama unasaga mwenyewe, hakikisha nyama ni baridi sana. Mafuta yaliyokwisha kupata joto hayakatiki, hupondeka na kupakaa kwenye mashine.

Chumvi wengi huichukulia kuwa ni ladha tu. Kwenye nyama ya kusaga ina kazi ya pili: inayeyusha sehemu ya protini, na protini hiyo hugeuka gundi. Tia chumvi, kanda dakika tatu au nne, utaona nyama inaanza kunata vidoleni na kuvutika unapoinua mkono. Kwa makaa unaitaka gundi hiyo, kwa hiyo chumvi iingie mapema na nyama ikandwe kwelikweli. Kwa mchuzi na kikaango huna haja nayo sana, kwa hiyo changanya kwanza kila kitu kingine, chumvi ije mwishoni, na uchanganye kwa vidole vilivyotanuliwa mpaka tu usione tena weupe wa mkate. Kijiko kimoja cha chai kisichojaa kinatosha nusu kilo.

Nimeutaja mkate mara kadhaa sasa, na ninausisitiza kwa sababu kuna watu wanaoamini mkate ni njia ya kuifanya nyama kidogo ionekane nyingi. Si hivyo. Mkate ulioloana hukaa katikati ya chembe za nyama na kuzizuia zisishikamane mno, na wanga wake hushika maji ambayo yangemwagika kikaangoni. Kwa nusu kilo ya nyama ya kupika ndani ya mchuzi, mimi hutumia vipande viwili vya mkate mweupe vilivyotolewa ganda na vijiko vinne vya chakula vya maziwa, nikaponda kwa uma hadi viwe uji mzito. Maji yanafaa pia kama hutumii maziwa. Kwa kikaango, kipande kimoja kinatosha. Kwa makaa, hakuna mkate kabisa. Ukitumia chenga kavu za mkate, ziloweshe kwanza. Ukizimwaga kavu zitafyonza maji ya nyama yenyewe, na hapo umejitengenezea ukavu ambao mkate ulikuja kuuzuia. Yai moja kwa nusu kilo husaidia kushikisha. Mayai mawili ni mengi, hufanya kababu kuwa na utelezi kabla ya kuiva na ukakamavu baada ya kuiva.

Kitunguu maji ndicho kinachovunja kababu nyingi. Vipande vikubwa vibichi huacha nafasi ndani ya kababu, na nyama inapojikunja, mpasuko unaanzia pale pale. Kiparuze kwenye kikwangulio, kikamue vizuri kwa mkono, na yale maji yake yaingie kwenye mchuzi. Kama una dakika kumi za ziada, kikaange kwanza hadi kilainike na kipoe kabisa kabla hujakichanganya. Kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba, kotmiri, hivyo ni uamuzi wa mpishi, na mimi sina ugomvi na mtu juu ya viungo.

Ninachoshikilia ni kuonja. Kabla hujaviringa hata moja, chukua kipande kidogo cha ukubwa wa ukucha wa gumba, kibonyeze kiwe bapa, ukikaange dakika mbili, ule. Utajua chumvi imefika wapi, kama pilipili inahitaji kuongezwa, na kama mchanganyiko unashikana. Ukishaviringa zote, hakuna tena cha kurekebisha.

Viringa kwa mikono iliyolowa maji, au iliyopakwa mafuta kama ni kuku, maana nyama ya kuku inanata kupita kiasi. Usiminye. Zungusha kati ya viganja mpaka mpasuko wa juu upotee, basi. Ukubwa wa sentimita tatu hadi nne, karibu gramu 30, unafaa kwa karibu njia zote, na nusu kilo ya nyama pamoja na vikorokoro vyake itakupa kababu kama 20. Jambo la maana ni zilingane, la sivyo ndogo zitakauka wakati kubwa bado mbichi katikati. Zipange kwenye trei, ziingie kwenye friji nusu saa. Mafuta yakiganda tena, kababu hushika umbo lake zinapogusa joto.

Sasa kikaango. Chagua chenye kitako kizito, tia mafuta kiasi cha kufunika kitako, washa moto wa wastani. Weka kababu moja kwanza. Ikilia kwa sauti ya kawaida, endelea na nyingine. Ikikaa kimya, subiri. Acha nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine, kwa sababu zikibanana, mvuke wake hukosa pa kutokea na zitachemka badala ya kukaangika. Halafu ziache. Kababu ambayo bado haijapata ngozi hushika kitako cha kikaango, na ukiilazimisha inaacha nyama yake pale. Ikishapata rangi hujiachia yenyewe. Shangazi yangu hakuwahi kuzigeuza kwa uma. Alishika mpini, akakizungusha kikaango kidogo kidogo juu ya jiko, na kababu zikajibingirisha zenyewe zikapata rangi pande zote bila kutobolewa hata moja. Hadi leo nafanya hivyo, isipokuwa mara ya kwanza, ambapo natumia vijiko viwili kuzigeuza kwa upole. Dakika 10 hadi 12 zinatosha kwa ukubwa niliotaja. Zikiwa na rangi nzuri nje na hujui ndani kukoje, punguza moto na ufunike dakika mbili za mwisho.

Kuzitumbukiza kwenye mafuta mengi ni njia ya haraka, na ina ganda ambalo njia nyingine haina. Mafuta yawe na joto la nyuzi 170 hadi 175, yaani chenga ya mkate ukiidondosha itoe mapovu mara moja na ipate rangi polepole, isiungue papo hapo. Pika chache chache, dakika nne au tano. Ukijaza sufuria, joto la mafuta litashuka na kababu zitayanywa. Mchanganyiko wa hapa uwe mkavu kidogo kuliko wa kikaango.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mchuzi, na hapo kuna makundi mawili ya wapishi. Wa kwanza huzikaanga kababu kwanza kupata rangi, wa pili huzidondosha mbichi moja kwa moja kwenye mchuzi unaochemka. Wote wana haki, ila hawapati chakula kimoja. Ile rangi ya kahawia na ladha yake huanza kupatikana nyama inapofikia nyuzi 140 hivi na kuendelea, na mchuzi wa majimaji hauzidi sana nyuzi 100, kwa hiyo kababu iliyoingia mbichi haitapata ladha ya kukaangwa hata uichemshe hadi usiku. Badala yake inakuwa laini ajabu, na ladha ya nyama yote inabaki ndani ya rojo. Kwa watoto na wazee wasio na meno imara, mimi hudondosha mbichi. Kwa wageni nakaanga kwanza, dakika tano tu, rangi bila kuiva. Natoa kababu, namwaga mafuta yaliyozidi, kisha natia vitunguu na nyanya kwenye kikaango hicho hicho na kukwangua yale mabaki ya kahawia yaliyoshika chini. Usikioshe kabla ya kufanya hivyo, tafadhali. Ladha ya mchuzi wako iko pale.

Ukizitia mbichi, usizikoroge dakika nane za kwanza. Tikisa sufuria tu. Mwiko ukiingia mapema utatoka na nyama ya kusaga ndani ya rojo. Moto uwe mdogo, uone kipovu kikipanda hapa na kingine pale. Mchemko wa nguvu huzigonganisha na kuzikaza. Dakika 20 hadi 25 zinatosha kwa zilizoingia mbichi, 15 kwa zilizokaangwa kwanza. Anza na mchuzi mwepesi kuliko unavyotaka mwishoni, kwa kuwa mkate ulio ndani ya kababu utaendelea kunywa, na ukirudi kuupasha moto jioni utakuta umekuwa mzito zaidi.

Oveni ni ya siku unapopika nyingi. Ipashe kwanza ifike nyuzi 200, zipake kababu mafuta kidogo, zipange kwenye trei bila kugusana, dakika 18 hadi 20, uzigeuze mara moja katikati. Rangi yake haifikii ya kikaangoni, na upande wa chini huwa bapa kidogo, lakini unaweza kupika 60 kwa mpigo ukawa unafanya mambo mengine. Hewa kavu ya oveni haisamehe nyama isiyo na mafuta, kwa hiyo hapa ile asilimia 20 ndiyo ya kuifuata. Kikaangio cha umeme cha hewa moto ni oveni ndogo yenye feni: nyuzi 190, dakika 10 hadi 12, na anza kuangalia ya nane.

Makaa yanataka subira. Nyama yenye mafuta, chumvi mapema, kukanda hadi inate, bila yai wala mkate. Ifinyange kuzunguka kijiti bapa. Kijiti cha mviringo chembamba huzunguka peke yake na nyama inabaki upande ule ule. Iweke kwenye friji saa nzima. Subiri makaa yafunikwe na majivu, maana mafuta yatadondoka, na ndimi za moto zitaibabua nyama kabla ya kuiva. Vijiti vya mti viloweshwe maji nusu saa kabla.

Mvuke nautumia kwa mgonjwa au mtu aliyekatazwa mafuta: dakika 12 hadi 15, mchanganyiko laini wa mchuzini, tangawizi zaidi ya kawaida.

Kuhusu kuiva, naomba tusifanye mzaha. Kwenye kipande kizima cha nyama, vijidudu hukaa zaidi juu, na moto huvifikia upesi. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu kinaingia hadi katikati. Nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati ya kababu, ya kuku nyuzi 74. Rangi haitoshi kuwa ushahidi, kwani nyama inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika huko, na nyingine ikabaki na uwekundu ilhali imeshaiva. Kipimajoto kidogo cha jikoni kinamaliza ubishi. Kichome kwenye kababu kubwa kuliko zote, ncha ifike katikati. Na mikono, bakuli na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa saladi.

Kababu ni chakula cha kutengeneza mara moja ukala mara nyingi. Mbichi, zipange kwenye trei zisigusane, zigandishe saa mbili au tatu hadi ziwe ngumu, ndipo uzikusanye kwenye mfuko. Ukizitia mfukoni zikiwa laini utapata bonge moja. Zitakaa kwenye friza miezi mitatu hadi minne bila kupoteza ladha. Zilizopikwa hukaa kwenye friji siku tatu hadi nne. Zilizoganda unaweza kuzidondosha kwenye mchuzi bila kuyeyusha, ukaongeza dakika kumi, ila kwa kikaango ziyeyushe kwanza ndani ya friji usiku kucha, uzipanguse maji kwa kitambaa safi cha karatasi, kisha ndipo ziguse mafuta.